Safu ya Penseli

Mbegu zililetwa katika kopo la maziwa ya unga,
mia mbili na arobaini, nilizihesabu mara mbili,
kahawia, ngumu kama kauli ya aliyedhulumiwa.
Zimetoka Kalokol, alisema Ewoi,
mlinzi wa lango letu la nyuma,
ambaye jina lake ndilo jina la mti wenyewe:
mamake alijifungulia chini yake
mwaka ambao hapakuwa na kivuli kingine.

Nje ni Julai ya Njoro. Ukungu umelalia ngano,
wachungaji wamevaa makoti mawili mawili.
Ndani ya maabara nimelipanga jangwa kwenye rafu:
sahani za kioo, karatasi ya kuchujia, matone tisa ya maji.
Hizi nyuzi kumi na tano. Hizi ishirini na tano.
Hizi thelathini na tano.
Hizi za gizani nimezifunga kwa karatasi ya fedha
kama viazi vya kuchoma.
Na hizi nimezinywesha maji niliyoteka Ziwa Nakuru,
machungu, yenye harufu ya magadi na kinyesi cha heroe.

Siku ya tatu: sifuri.
Siku ya saba: sifuri, sifuri, sifuri,
mayai yasiyoanguliwa katika daftari langu.
Siku ya kumi stima ikapotea usiku kucha,
kabati la joto likapoa, likawa kabati tu.
Nikakaa na tochi ya simu nikazisemesha (naona haya kukiri)
kama asemeshwavyo mtoto aliyekataa uji.

Ewoi akachungulia, kikombe mkononi.
"Umezikaribisha mno," akasema.
"Maji umezipa, godoro umezipa. Nani amezitukana?
Kwetu mbegu hii humezwa na mbuzi,
ikasafiri tumboni hadi kisimani na kurudi,
ikatoka na samadi, ikakanyagwa,
ikapigwa na jua mpaka ganda likapata ufa.
Ndipo huuliza habari za mvua."

Basi nikashika msasa.
Nikasugua moja moja, kidole kikichubuka kabla ya ganda.
Nyingine nikazimwagia maji yaliyotoka kuchemka.
Nyingine tindikali, dakika ishirini,
macho yangu kwenye saa ya ukutani.

Jumatano, saa moja asubuhi,
sahani ya nyuzi thelathini na tano, pembeni kabisa:
kitu cheupe, kifupi kuliko ukucha wa kichanga,
kimeinama, kinatafuta chini.
Sikupiga kelele. Niliandika: 1.
Kesho yake 9. Kisha 31.
Za nyuzi kumi na tano zilinuna, zikatoa mbili tu,
nazo kwa shingo upande.

Za maji ya ziwa, ingawa nazo nilizisugua, kimya.
Nilidhani chumvi imezimaliza. Nikazisuuza ili nizitupe,
maji ya bomba, mara tatu, nikazisahau kwenye karai.
Jumatatu nikakuta kumi na mbili zimeota
bila ruhusa ya jedwali.

Mwishoni zilibaki kumi na sita.
Msasa zimeupata, moto zimeupata, kiu zimeijua.
Nikapasua moja kwa wembe: kiini kibichi, chenye unyevu, hai.
Ewoi hakushangaa. Mvua ya kwanza ya kwao ni mwongo,
hunyesha Jumatatu usiku, ikaondoka bila kuaga;
zikiitikia zote, Alhamisi hakuna hata moja.

Jedwali lina safu mbili: zimeota, hazikuota.
Nikachora ya tatu kwa penseli, nyembamba,
ili profesa akitaka aifute.
Kichwa chake: zinangoja.

Hizo kumi na tano zimerudi ndani ya kopo,
na kopo liko mfukoni mwa koti la Ewoi.
Miaka kumi na tisa Njoro,
bado hulala kichwa kikielekea kaskazini.
Akizunguka ua usiku tunalisikia, mimi na mbwa:
cha, cha, cha,
kama mvua iliyo mbali sana, bado inafikiria.